QADI ni Kadhi: Kwa Nini Maneno Mafupi ya Scrabble Yafundishwe Pamoja na Maana Yake

Novemba 2024, katika mji wa Granada nchini Hispania, Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kihispania, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, ilhali Kihispania hakizungumzi, na katika michezo 24 alipoteza mmoja tu. Haikuwa mara yake ya kwanza kufanya jambo la namna hiyo. Mwaka 2015, huko Ubelgiji, alinyakua ubingwa wa Kifaransa baada ya kuikariri orodha ya maneno kwa muda wa wiki tisa hivi, na katika fainali alimshinda Schelick Ilagou Rekawe wa Gabon, nchi ambayo Kifaransa ndicho lugha rasmi. Habari hizo zimepokewa na wengi kama ushahidi wa kufunga mjadala: maana ya neno haina kazi yoyote kwenye ubao, na anayetaka kushinda akariri herufi na kuachana na mengine. Fikra hiyo imeingia hata katika vilabu vyetu, ambako mwanafunzi anayeanza hukabidhiwa karatasi yenye AA, AI, QI, XU, ZA na ZO zilizopangwa safu kwa safu, bila mstari hata mmoja wa maelezo.

Naamini fikra hiyo imekosea, tena imekosea zaidi hapa Afrika Mashariki kuliko kwingineko. Ushindi wa Richards unatuonyesha kile ambacho mtu mmoja mwenye kumbukumbu isiyo ya kawaida anaweza kukifanya, lakini hautuambii watu wa kawaida wajifunze kwa njia gani. Na kwa mwanafunzi aliyelelewa katika Kiswahili, orodha tupu inamficha jambo ambalo lingemrahisishia kazi sana, yaani kwamba baadhi ya maneno yanayoonekana ya ajabu mno katika Kiingereza cha Scrabble ni maneno anayoyajua tangu utotoni, ila yamevaa tahajia nyingine.

Kwanza inafaa kueleza kwa nini maneno mafupi yana uzito mkubwa namna hiyo. Mchezo huu ulibuniwa katika miaka ya 1930 na Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyekuwa amepoteza kazi wakati wa mdororo wa uchumi, ambaye alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue kila herufi itengenezewe vigae vingapi na ipewe alama ngapi. Jina la Scrabble lilikuja mwaka 1948 kupitia mshirika wake, James Brunot. Seti ya Kiingereza ina vigae 100, viwili kati yake vikiwa vitupu, na ubao una miraba 15 kwa 15. E ina vigae 12 na alama moja tu, wakati Q na Z zina kigae kimoja kimoja chenye alama 10. Mgeni wa mchezo hudhani kwamba ushindi unatokana na maneno marefu, na ni kweli kwamba anayemaliza vigae vyake vyote saba kwa mkupuo hupata nyongeza ya alama 50. Lakini ubao hujaa upesi, na mara nyingi nafasi pekee inayobaki ni kulaza neno sambamba na jingine, ili kila herufi inapogusa ya jirani litokee neno halali la herufi mbili. Asiyeyajua maneno ya herufi mbili hawezi kucheza hivyo kabisa. Tuchukue mfano wa mchezaji mwenye Q na I mkononi. Akiiweka Q kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu, I yake ikakaa kulia na I nyingine ikiwa tayari ipo chini ya Q, atakuwa ameandika QI mara mbili, na kila QI itampa alama 31. Jumla ni 62 kwa vigae viwili, na wapo wanaocheza mchezo mzima bila kupata alama nyingi hivyo kwa neno moja.

Orodha ya Collins, inayotumika katika mashindano mengi nje ya Marekani Kaskazini, ina maneno takriban 280,000, na tangu toleo la 2019 maneno ya herufi mbili ni 127. Orodha ya Marekani Kaskazini ina 107. QI na ZA ziliingia katika orodha ya Marekani mwaka 2006, na OK na EW zikafuata mwaka 2018. Kila yanapoongezwa maneno ya aina hii huzuka malalamiko kwamba waandaaji wa kamusi wanachezea lugha. Lakini anayeketi na kuyasoma maneno hayo pamoja na maana zake ataona mpangilio ambao orodha tupu haiwezi kuuonyesha. Kuna familia ya majina ya herufi za Kilatini kama EF, EL, EM na EN. Kuna ya Kigiriki, MU, NU, PI na XI. Na kuna ya Kiebrania, HE na PE. Kuna sauti za muziki kuanzia DO hadi TI, ambazo kila aliyepitia kwaya ya kanisa au bendi ya shule anazijua kwa mpangilio. Kisha yapo yaliyotoka mbali: QI ni nguvu ya uhai katika fikra za Kichina, AA ni lava yenye uso wa kukwaruza huko Hawaii, XU ni fedha ndogo ya Vietnam, KA ni roho katika imani ya Misri ya kale, AI ni mnyama mwendapole wa Amerika Kusini mwenye kucha tatu, na ZO ni mnyama wa milima ya Himalaya aliyechanganya damu ya ng'ombe na ya yaki. Uskoti imechangia JO, mpenzi. Hata ZA, inayowaudhi wengi, ni pizza iliyokatwa kichwa na vijana wa Marekani. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo anabaki na makundi machache ya kukumbuka badala ya vipande 127 visivyohusiana.

Upande wa pili una hoja nzito, na si haki kuipita juu juu. Mwamuzi wa mashindano hamuulizi mtu maana ya neno. Neno likipingwa, linatazamwa kama limo katika orodha au halimo, basi. Richards si wa pekee pia. Thailand, nchi ambayo Kiingereza si lugha ya nyumbani, imetoa mabingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, Panupol Sujjayakorn mwaka 2003 na Pakorn Nemitrmansuk mwaka 2009. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walichapisha mwaka 2012 utafiti uliolinganisha wachezaji wa mashindano na watu wengine, wakaona kwamba wachezaji hao, wanapoitambua herufi kuwa ni neno, huitegemea maana kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo anayesema kwamba katika ngazi ya juu jicho hufanya kazi kabla ya maana anasema kweli. Isitoshe, muda ni mali. Kocha mwenye saa mbili kwa wiki ana haki ya kuuliza kama inafaa kuzitumia kusimulia habari za lava ya Hawaii.

Nakubali ushahidi huo, lakini naona unahusu mahali pengine katika safari. Unatueleza namna fundi aliyekwisha kukomaa anavyolitambua neno kwa haraka baada ya miaka ya mazoezi, wakati swali letu ni namna mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anavyolipata neno hilo na kulihifadhi hadi wiki ijayo. Tangu Fergus Craik na Robert Lockhart walipoandika juu ya kumbukumbu mwaka 1972, wanasaikolojia wengi wamekubaliana kwamba kitu kilichofikiriwa kwa maana yake hukaa akilini kuliko kilichotazamwa kwa umbo lake tu. Richards anaweza kuliruka daraja hilo. Wanafunzi wengi hawawezi, na karatasi yenye safu za herufi huwachosha, wakaacha mchezo wakiamini kwamba hawana kipaji.

Lipo pia jambo la kiufundi ambalo watetezi wa orodha tupu hulisahau. Katika Scrabble haitoshi kujua neno; unahitaji kujua ni herufi gani inaweza kufuata mwishoni mwake, na S ndiyo inayotafutwa kuliko zote. Anayejua kwamba QI, AA, AI na ZA ni majina ya vitu hatasita kuyaongezea S, na atakuwa sahihi. Anayejua kwamba HM na MM ni miguno, na kwamba SH ni sauti ya kunyamazisha watu, hatajaribu kuyapa wingi, na hapo pia atakuwa sahihi. Mtu atasema AH nayo ni mguno, na bado AHS ni halali. Ni kweli, na sababu yake ni kwamba kamusi inaitambua AH kuwa kitenzi vilevile, ndiyo maana hata AHED na AHING zinakubalika. Mwenye maana hujifunza kanuni moja na vighairi vyake, na asiye nayo hukariri kila neno mara mbili, lenye S na lisilo na S.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Tatizo kubwa la kila mchezaji wa Kiingereza ni kubaki na Q bila U. Yapo maneno kadhaa ya kumwokoa, na sehemu kubwa yake katika orodha ya Collins imetoka katika Kiarabu, ambacho kina herufi qaf. Wasomi wa Kiingereza, walipoyaandika maneno hayo kwa uangalifu, walitumia q kuiwakilisha herufi hiyo. Kiswahili kiliyapokea maneno yaleyale karne nyingi zilizopita na kuiandika sauti hiyo kwa k. Kwa hiyo QADI ni kadhi. TALAQ ni talaka, QIBLA ni kibla, NIQAB ni nikabu, WAQF ni wakfu, FAQIR ni fakiri, FIQH ni fikihi, TARIQA ni tarika, QASIDA ni kasida. SUQ ndilo neno lililotupatia soko. QANUN ni ala ya nyuzi inayopigwa katika taarabu asilia ya Unguja, ile ya vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. QAT ni majani yaleyale ambayo Kenya huitwa miraa na Tanzania mirungi. WAQF na FIQH, kila moja likiwa na herufi nne, lina alama 19 hata likiwekwa kwenye miraba isiyozidisha chochote.

Mtoto wa Leeds au Chicago anayaona maneno haya kama mafumbo. Mtoto wa Lamu, wa Pemba au wa Ujiji hana sababu ya kuyaona hivyo. Niliwahi kumtazama msichana wa sekondari mjini Mombasa akiiweka QADI kwenye ubao kwa kujiamini kabisa, na mchezo ulipokwisha nikamuuliza maana yake. Akanijibu kwamba ni neno la Q lisilohitaji U. Nilipomwambia kwamba ni kadhi, yule wa mahakama ya kadhi, alinyamaza kidogo kisha akauliza kama QIBLA nalo lipo. Hakuna aliyekuwa amemtajia QIBLA. Alilitoa mwenyewe kutokana na anachokijua, na ni halali. Kwa maelezo ya sekunde kumi alikuwa amepata njia ya kuyaendea maneno mengine ambayo orodha yake ilikuwa bado haijafika.

Njia hiyo ina mipaka, na ni wajibu wa mwalimu kuieleza. Si kila k ya Kiswahili inatokana na qaf: kitabu na karama zimetokana na kaf, herufi nyingine kabisa, na mwanafunzi akizigeuza kuwa q atapingwa na kupoteza zamu. Halafu Waingereza wenyewe hawakuandika kwa namna moja nyakati zote, ndiyo maana CADI na KADI zimo katika orodha sawa na QADI, na KAT na KHAT zimo pamoja na QAT. Lakini hata vurugu hii ina faida, kwa sababu aliyeijua maana moja amepata tahajia tatu, naye atachagua kulingana na vigae alivyonavyo.

Dhaifu kuliko zote ni hoja ya wale wanaopinga kutoka upande mwingine, wanaosema kwamba maneno haya yasifundishwe kabisa kwa kuwa si Kiingereza halisi na yataharibu Kiingereza cha watoto. Hoja hii husikika sana kwa wazazi na hata kwa baadhi ya walimu, na inasimama juu ya dhana kwamba ipo lugha iliyowahi kuwa safi. Kiingereza kimekopa kwa kila kiliyekutana naye, na kutoka kwetu kimechukua SAFARI, BWANA, ASKARI, UHURU, PANGA, BOMA, KANZU, KIKOI, NGOMA, UGALI na MATATU, yote yakiwa halali katika orodha ya Collins. Anayesema QI si Kiingereza kwa kuwa ni Kichina itambidi aseme vivyo hivyo kuhusu SAFARI, neno ambalo hakuna Mwingereza anayeshangaa kulisikia. Mtu anayezungumza Kiswahili ana sababu chache mno za kuona aibu juu ya ukopaji, kwa kuwa lugha yake imejengwa juu ya msingi wa Kibantu na kunawirishwa na Kiarabu, Kiajemi, Kireno, Kihindi na Kiingereza, na hakuna anayekiona kimepungukiwa. Kuhusu kuharibu Kiingereza cha watoto, hatari ipo pale tu neno linapofundishwa bila maana, kwa sababu hapo mtoto hajui kwamba ZA ni lugha ya mitaani na XU ni istilahi ya fedha, na anaweza kudhani yote yana hadhi moja.

Wenye mchezo wenyewe wamelazimika kukiri kwamba maana haiondoki kwenye ubao. Mwaka 2020 chama cha wachezaji cha Marekani Kaskazini kiliondoa maneno ya kudhalilisha watu katika orodha yake, na mwaka 2021 kampuni ya Mattel ikaondoa takriban maneno 400 katika orodha ya Collins. Wapo wachezaji wakubwa waliopinga, wakisema kwamba ubaoni neno ni alama tu, kama kete, na halimtukani mtu. Naelewa walichokuwa wakitetea, kwa sababu mchezo unahitaji orodha isiyoyumbayumba. Hata hivyo, mtu mweusi anayelaziwa neno la kutweza rangi yake mbele ya macho yake hawezi kuambiwa kwamba ni herufi sita na alama zake. Uamuzi ule, tuupende tusiupende, ulitokana na kukubali kwamba anayecheza analiona neno pamoja na kile linachobeba.

Mfano wa Nigeria nao hutumiwa vibaya. Wellington Jighere alipomshinda Lewis Mackay wa Uingereza michezo minne kwa bila mjini Perth mwaka 2015, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, na dunia ikavutiwa na namna Wanigeria walivyopendelea maneno ya herufi nne na tano hata pale refu lilipowezekana. Baadhi ya makocha walichukua hapo kwamba karatasi ya maneno mafupi inatosha. Lakini mbinu ile inahusu vigae unavyobakiza mkononi na nafasi unazomfungia mpinzani, na anayeitumia ni mtu anayelijua neno refu na kuamua kuliacha.

Nikirudi kwenye vilabu vyetu, sidai kwamba kila neno lifundishwe kwa maana. Maneno ya herufi tatu katika orodha ya Collins yanazidi 1,000 na ya herufi nne yanazidi 5,000, na kocha atakayejaribu kuyaeleza yote atamaliza mwaka akiwa bado kwenye B. Mgawanyo ninaoupendekeza ni huu. Maneno 127 ya herufi mbili yaandikwe yote pamoja na maana zake kwa Kiswahili, yapangwe kwa familia zake badala ya alfabeti, na kila moja lionyeshwe kama linakubali S. Maneno ya Q bila U yafundishwe yote, ya Kiarabu yakitangulia na kila moja likiwekwa kando ya ndugu yake wa Kiswahili. Katika ya herufi tatu, maana itolewe kwa yale yenye J, Q, X na Z, na mengine yaachwe kwa mazoezi ya jicho, ambako mbinu za Richards zina nafasi yake halali. Kazi ya kutafsiri maneno hayo 127 pamoja na yale ya Q inahitaji mtu mwenye kamusi mbili na majuma machache ya jioni, kisha karatasi yake inaweza kunakiliwa kutoka Bujumbura hadi Muscat bila kubadilishwa herufi. Ugumu ninaouona ni katika kuchagua kati ya miraa na mirungi.